Kujifunza Jiolojia kwa Vitendo: Kutoka Meza ya Maabara hadi Mawe ya Mwanza

Mwanafunzi anayeanza jiolojia hupenda kuuliza jina la jiwe kabla hajalitazama, na mazoea hayo humchelewesha kuliko ugumu wowote wa somo lenyewe. Ushauri wangu ni kwamba jina liandikwe mwisho, baada ya majaribio.

Katika maabara, anza na madini na si miamba, kwa kuwa miamba mingi ni mkusanyiko wa madini. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, kipande cha kioo, kigae ambacho upande wake wa nyuma haung'ai, na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Unapoizimua, mimina asidi ndani ya maji na kamwe usimimine maji ndani ya asidi, tena ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho.

Jaribio la kwanza ni la ugumu, linalotumia kipimo alichokitunga mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia talki yenye ugumu wa 1 na kuishia kwenye almasi yenye 10. Ukucha una ugumu wa takriban 2.5 na kioo takriban 5.5. Chukua kwatsi na kalsaiti, madini mawili ambayo mara nyingi huwa meupe au maangavu na kuwahadaa wengi. Kwatsi, yenye ugumu wa 7, huchora kioo, ilhali kalsaiti, yenye 3, huacha unga wake tu juu ya kioo hicho. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mstari wa unga hufanana sana na mchoro. Basi futa kwa kidole, na ukiona mstari haujatoka, ujue kioo kimechorwa kweli. Thibitisha kwa tone la asidi, ambalo hutoa mapovu kwenye kalsaiti lakini si kwenye kwatsi. Rangi ya nje isikushawishi: hematiti, madini yenye chuma, yaweza kuonekana nyeusi au ya kijivu ing'aayo, lakini ukiisugua kwenye kigae huacha unga mwekundu wa hudhurungi.

Msongamano nao hupimwa kwa urahisi. Pima uzito wa jiwe, kisha lizamishe kwenye silinda yenye maji na usome ujazo ulioongezeka; jiwe la gramu 530 linalopandisha maji kwa mililita 200 lina msongamano wa gramu 2.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo.

Kwa safari ya kwanza ya uwandani, ningechagua Mwanza, ambako mawe makubwa ya graniti yamerundikana kando ya Ziwa Victoria, likiwamo lile maarufu la Bismarck. Kabla ya kuyakaribia, simama mbali na uchore unachokiona, hasa mielekeo ya nyufa. Kisha sogea na lenzi, utafute sehemu ambayo haijachakaa. Utaona kwatsi ya kijivu, feldispa (madini meupe au ya waridi) na ulanga mweusi, chembe zake zikionekana kwa macho, ishara kwamba uji wa mwamba ulipoa polepole chini sana ya ardhi. Hayo yalitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na miamba iliyoifunika graniti hiyo imekwisha kumomonyoka.

Mawe hayo hayakuviringishwa na mtu wala mto. Maji hupenya kwenye nyufa na kuozesha pembe za jiwe upesi zaidi, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande kadhaa, hata likabaki la mviringo. Feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini kwatsi hustahimili. Chota mchanga ulio chini ya jiwe na uukague kwa lenzi, nawe utaona kwatsi ileile uliyoijaribu maabarani.

Katika daftari, andika kwa penseli, ambayo haifutwi na mvua: ukurasa wa kushoto uliyoyaona, wa kulia unayoyadhani. Usipime mwelekeo kwa dira huku nyundo ya chuma ikiwa karibu, kwa sababu huvuta sindano. Kila sampuli ipewe namba hapohapo, na namba hiyo iingie daftarini. Ukirudi maabara na vipimo vikakataa jina uliloandika, likate kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, kisha andika kando tarehe na sababu.