Fumba macho usikilize notsi zako: jinsi ya kufanya kozi ya mtandaoni isomeke na kila mwanafunzi

Kabla hujagusa kitu fanya jaribio moja. Washa programu ya kusoma skrini kwa sauti, ile wanayotumia wanafunzi wasioona: simu yako kama ni Android washa TalkBack, kama ni iPhone washa VoiceOver, kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA, hiyo ni ya bure kabisa, halafu fungua notsi zako mwenyewe ufumbe macho usikilize. Mi siku ya kwanza niliona aibu. Sura niliyokuwa najivunia, kurasa 30 nilizozipiga skani vizuri nikaziunganisha kuwa PDF, haikusomwa hata neno moja. Kwangu mi ni maandishi, kwa kompyuta ni picha tu za makaratasi.

Kwa hiyo anzia hapo, kwenye skani. Jaribu kuchagua neno moja kwa mausi, likigoma kushikika basi na mwanafunzi asiyeona hatalisikia. Tafuta faili la mwanzo la Word kama lipo, hiyo ndo njia fupi. Kama halipo pandisha ile PDF Google Drive uifungue kwa Google Docs, itajaribu kuzitoa herufi kwenye picha, ila usiishie hapo we soma mstari kwa mstari maana kurasa zenye safu mbili huwa zinachanganywa na namba zinageuka, sifuri inakuwa herufi O, na kwenye notsi za hesabu hilo ni balaa.

Ukishapata maandishi ya kweli weka vichwa. Na kukoleza wino na kukuza herufi sio kichwa jamani, hayo ni mapambo ya macho. Chagua mstari, nenda kwenye mitindo ya Word, bonyeza palipoandikwa Heading 1, vidogo vyake Heading 2, usiruke ngazi. Anayetumia NVDA akibonyeza herufi H anaruka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho juu juu kutafuta sehemu unayoitaka. Bila vichwa inabidi asikilize kurasa zote 30 tangu mwanzo, kila mara.

Picha nazo zinataka maelezo ya maandishi. Bonyeza picha kwa kitufe cha kulia utaona sehemu ya kuyaandika. Usiandike "picha ya grafu", hiyo haimsaidii mtu, andika grafu inasema nini: "joto la maji linapanda hadi nyuzi 100 kisha linabaki palepale wakati maji yanachemka". Umeona? Hapo amepata somo lenyewe. Maua ya pembeni na mistari ya urembo we itie alama kwamba ni pambo tu ili irukwe. Yale maelezo ambayo programu inayajaza yenyewe yakague, mengine ni vichekesho.

Viungo usiviite vyote "bonyeza hapa", ukivisikia kumi mfululizo utaelewa kwa nini. Andika "pakua zoezi la wiki ya 3", basi.

Rangi sasa. Kijivu hafifu juu ya nyeupe ni ugonjwa wa slaidi za kisasa. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unaoitwa WCAG unataka kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake, isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa 1 kwa makubwa, na kuna vipimo vya bure mtandaoni, unaweka rangi mbili unapewa jibu. Tena usiseme "majibu sahihi ni yale ya kijani", wapo wasiotofautisha kijani na nyekundu, weka alama ya vema au neno pembeni.

Video ndo kazi ngumu kuliko zote na sitakudanganya. Kapsheni za otomatiki, yale maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, ni pa kuanzia tu, majina na fomula zinaharibika vibaya kwa hiyo zipitie na kuzirekebisha. Lakini kitu ambacho walimu wengi hatukioni ni midomo yetu, unarekodi unasema "hii ikienda huku, ile inashuka, mnaona?" na asiyeona anabaki njia panda, na aliyepakua sauti peke yake pia. Taja kitu kwa jina lake: "mshale wa nguvu ya mvutano unaelekea chini". Halafu weka na nakala ya maandishi ya ulichosema, faili dogo hilo, litamfaa hata mwenye intaneti ya kusuasua.

Majaribio: weka mausi pembeni ujibu swali lako kwa kibodi peke yake, yaani Tab, mishale, Space na Enter, ukikwama kwenye yale maswali ya kuburuta na kudondosha, badilisha aina ya swali. Muda nao unaweza kumwongezea mtu mmoja bila kugusa wengine, Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ina hiyo.

Word ina kikaguzi chake kwenye menyu ya Review, kitumie, ila hakijui kama maelezo yako ya picha yana maana au ni takataka. Juu kabisa ya kozi andika mstari mmoja kwamba kisichofunguka au kisichosomeka wakwambie, na usimdai mtu aeleze ugonjwa wake. Na usijaribu kurekebisha kozi nzima wikiendi moja utachoka uache, shika ya wiki ijayo kwanza, zile skani za zamani moja moja baadaye.