Somo: Kagua fyuzi ya amplifaya kabla ya kununua "fyuzi ya muziki"

Siku hizi naulizwa sana kuhusu fyuzi za ng'ambo zinazouzwa zaidi ya dola 100 kila moja, eti zinafungua besi na kusafisha sauti ya mwimbaji. Natengeneza redio na amplifaya hapa Jinja, na jibu langu ni hili: fyuzi nzima ya upande wa umeme haibadilishi sauti. Iliyo chafu, iliyolegea au isiyo ya kipimo chake ndiyo huleta balaa, na hiyo unaweza kuigundua mwenyewe.

Hatua ya 1. Zima, chomoa plagi ukutani, subiri dakika kumi. Kishikio cha fyuzi mara nyingi kiko nyuma, jirani na waya wa umeme. Kama fyuzi iko ndani, usifungue kasha. Kapasita, yaani vihifadhi umeme vya ndani, hubaki na umeme. Mpelekee fundi.

Hatua ya 2. Soma kofia ya chuma ya fyuzi, kwa mfano T3.15AL250V. T ni fyuzi inayochelewa kukatika. Transfoma kubwa huvuta umeme mwingi mara tu inapowashwa, kwa hiyo ukiweka F, ile ya kukatika upesi, itaungua bila kosa lolote. 3.15A ni ampea zake. Linganisha na yaliyoandikwa nyuma ya mashine, herufi kwa herufi.

Ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, ambayo hupitisha umeme, usiwashe tena. Nililetewa amplifaya ya kanisa iliyofanyiwa hivyo. Fyuzi haikukatika, transfoma ndiyo iliyoungua, ikanuka chumba kizima. Iliniuma, maana fyuzi ya kawaida ni bei ya chapati.

Hatua ya 3. Futa kofia na vishikio kwa kitambaa kikavu. Kishikio kilicholegea kibadilishwe, kwa sababu hupata moto na kuleta mkwaruzo. Hapa ndipo wengi wanapopotea: kule kuchomoa fyuzi ya zamani tu kumeshasugua kutu, mkwaruzo umeisha, na sifa zote anapewa mgeni wa dola 100.

Hatua ya 4. Piga hesabu. Tuseme fyuzi ina ukinzani, yaani kiasi inachozuia umeme, wa omu 0.05 na amplifaya inavuta ampea 1. Volti zinazopotea ni 0.05 kati ya 240. Mtaani kwangu, saa mbili usiku watu wakipika, mita husoma 215. Kama volti 25 zikipungua husikii tofauti kwenye wimbo, hiyo 0.05 utaisikia wapi?

Hatua ya 5. Bado una shaka? Mwombe mwenzako abadilishe fyuzi nje ya macho yako, akirusha sarafu kila mara kuchagua ipi aweke, plagi ikiwa imechomolewa. Sauti isiguswe, wimbo uwe uleule. Fanya mara 10, kila mara uandike unadhani ni fyuzi ipi, naye aandike aliyoweka. Anayebahatisha hupata kama 5. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tu ni nafasi kama moja kati ya 100.

MASWALI

Mwanachama, Arua: Habari fundi. Fyuzi yangu ina mshale, muuzaji anasema nikiigeuza sauti inajaa.

Jibu: Nzuri, ndugu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, hugeuka mwelekeo mara 100 kila sekunde. Mshale hauna kazi hapo.

Mwanachama, Bombo: Asante kwa somo. Spika zangu nazo zina fyuzi. Ni yaleyale?

Jibu: Hapana dada, na nafurahi umeuliza. Fyuzi iliyo kwenye njia ya spika hupitisha muziki wenyewe. Besi nzito huipasha moto, ikipoa ukinzani unashuka, na vipimo huonyesha sauti ikipindwa kidogo, hasa fyuzi inapokaribia kukatika. Hata hivyo usiitoe, inaokoa spika. Weka tu ya ampea zilizotajwa na mtengenezaji.

Mwanachama, Malaba: Plagi yangu ina fyuzi ya 13, redio ni ya wati 60. Niiache?

Jibu: Fyuzi ya plagi hulinda waya. Redio yako inavuta robo ya ampea, na waya wake bila shaka ni mwembamba. Weka ya 3.