SOMO: Mwezi usilie kwa niaba ya msimulizi wako (usiku, mazingira na hisia kwenye hadithi fupi)

Wadau habari za saa hizi. Kwenye hadithi fupi mnazonitumia nizipitie kuna kitu kinajirudia mpaka nimeona nikae nikiandikie somo kabisa. Mtu kafiwa, mvua inanyesha. Mtu kaachwa, mwezi unajificha nyuma ya wingu. Mtu ana hofu, bundi analia. Yaani mhusika hata hujamkuta bado, hali ya hewa ishakuambia shida yake.

Sisemi ni kosa la kufungwa jela, hizo mvua hata mimi nimeziandika sana tu. Na ugomvi wenyewe ni wa zamani: mwaka 1856 Mwingereza mmoja, John Ruskin, alichukua mstari wa shairi unaoliita povu la bahari katili na kusema linatambaa, akaandika kwamba povu si katili wala halitambai, ni akili iliyovurugwa na majonzi ndiyo inaliona hivyo. Yeye alikuwa anakosoa. Mimi hapo hapo ndipo ninapochukua kazi yangu, kwamba anayeona ni akili iliyovurugwa. Kwa hiyo usiku uache ulivyo, kazi yako ni kuchagua msimulizi anaona nini na nini kinampita asikione kabisa.

Hatua ya 1. Ijue hisia kabla hujatoka nje.
Andika pembeni, mahali ambapo msomaji hatafika, sentensi moja tu ya anavyojisikia na kwa nini. "Ana huzuni" haitoshi, huzuni ya nini? Mfano wangu wa leo ni huu: kamfokea mdogo wake jioni, mdogo mtu kaondoka bila kuaga, sasa ni saa sita usiku na anajifanya hamsubiri. Hapo kuna majuto, kuna kiburi, na kuna kusubiri. Kusubiri ndiko kutatubeba, maana anayesubiri anakuwa masikio matupu.

Hatua ya 2. Toka nje kweli.
Hii wengi wanairuka, halafu ndiyo maana usiku wa hadithi zote unafanana. Simu iache ndani, macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri na ukiwasha kioo unaanza upya. Utaona rangi zinaondoka, nyekundu ndiyo inawahi kugeuka nyeusi. Nyota iliyofifia ukiikazia macho inapotea, ukitazama pembeni yake kidogo inarudi (hiyo peke yake ni hadithi ya mtu anayekwepa kufikiria jambo fulani, nimewapa bure). Sauti za mbali zinafika, hasa usiku uliotulia, kwa sababu hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu inaipinda sauti irudi chini badala ya kupotelea huko juu. Na nyenje: wanaolia ni madume, ukiwasogelea wananyamaza, ukitulia wanaanza tena. Hili la nyenje likumbuke.

Hatua ya 3. Mwezi upigie hesabu.
Haraka haraka. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama na saa sita usiku uko juu. Mwezi mwandamo unazama muda mfupi baada ya jua, kwa hiyo ukiuweka saa saba usiku nimekukamata. Ule nusu wa baada ya mwezi mpevu unachomoza karibu na usiku wa manane. Kila siku unachelewa kama dakika 50 hivi. Basi.

Hatua ya 4. Andika, halafu futa jina la hisia.
Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Usiku ulikuwa wa huzuni. Mwezi ulilia pamoja nami na upepo ukanong'ona jina la mdogo wangu. Moyo wangu ulijaa majuto."

Sasa hii:

"Taa ya kibarazani niliiacha inawaka, nikajiambia ni kwa sababu ya wezi. Nyenje walikuwa wanalia kuanzia majani ya getini mpaka ukutani. Saa sita na kitu, wale wa getini wakanyamaza. Nikasimama. Mbwa akapita, akanusa nguzo, akaenda zake. Nyenje mmoja akaanza tena, halafu wote. Nikaizima taa. Nikaiwasha."

Majuto hayajatajwa popote. Nyenje wanaponyamaza ndipo tumaini linapoingia, wakianza tena limetoka, na wala hawajafanya kitu ambacho nyenje hafanyi. Huyo mbwa mwanzo alikuwa bundi, nikamtoa, kwanza bundi anaruka kimya kimya hivyo msimulizi asingemsikia akipita, pili bundi kachoka jamani, kila hadithi yumo. Na baada ya "Nikasimama" nilikuwa nimeandika "ukimya ulikuwa mzito kama jiwe". Niliipenda siku mbili nzima. Nimeifuta, kwa sababu anayesubiri hana muda wa kutafuta tashbihi, anasikiliza.

Hatua ya 5. Irudishe picha mara moja, ikiwa imebadilika.
Mwisho wa hadithi usiwaite nyenje tena. Kesha mpaka kukuche: "Nyasi za getini zilikuwa na umande mtupu, hakuna aliyekanyaga." Umande unakuja usiku wa mbingu safi na hewa tulivu, kwa hiyo kama katikati ulishaweka upepo mkali itabidi uutoe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu asante kwa somo ila tashihisi si tulifundishwa shule kwamba ni mbinu nzuri, sasa leo tuache?
Jibu: Usiache, ila iwe na mwenyewe. Mtoto, mlevi, mtu mwenye homa kali, hao wakisema mti unawatazama naamini, na nimeshajua kitu kuhusu wao. Shida ni pale mti unapotazama kwa sababu mwandishi kakosa cha kuandika.

Swali: alafu kama msimulizi ana furaha inakuaje, mana mi giza naona limekaa kihuzuni huzuni tu
Jibu: Giza halina upande ndugu yangu. Weka wawili wanaopendana lakini hawajaambiana, wanatembea, tochi inazimika, na hakuna anayelalamika. Kinyume chake nacho kinafanya kazi: siku ya msiba mbalamwezi inang'aa kama mchana, kila kitu kinapendeza, msimulizi anachukia. Inauma kuliko mvua.

Swali: Vipi kuhusu harufu? Umeongelea macho na masikio tu.
Jibu: Kweli nimeipita. Chukua ile harufu ya mvua kwenye udongo mkavu, wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina la kitaalamu mwaka 1964, na sehemu yake inatokana na bakteria wa kwenye udongo. Uzuri wake kwa mwandishi ni kwamba upepo unaweza kuileta kabla mvua yenyewe haijafika kwako. Mtu anayejua habari mbaya iko njiani, mpe hiyo harufu. Mvua si lazima inyeshe.

Swali: hadithi ya maneno 1,500 niweke taswira ngapi
Jibu: Sina namba. Mimi nashikilia moja inayorudi, nyingine zinapita njia.

Swali: Mkuu naomba unisaidie na huu mstari wangu, "Nyota zilimetameta angani kama almasi huku machozi yakinitoka nilipomkumbuka marehemu mama."
Jibu: Almasi toa. Umeweka nyota upande huu na machozi upande ule wakati ni kitu kimoja, jicho likijaa maji nyota inatanuka na kutoa miale. Na huyo mama, badala ya kumtaja, nipe jambo moja alilokuwa akifanya na wewe usiku. Mlikuwa mnafanya nini?

Swali: tulikua tunahesabu nyota mpaka nilale, sikuwai kufika ishirini. Nimejaribu tena: "Nilihesabu nyota mpaka kumi na moja. Ya kumi na mbili ikaota miiba."
Jibu: Usiguse tena. Niletee aya inayofuata.