Kabla ya Kurusha Droni ya Leza Kwenye Magofu ya Pemba

Ukitaka kupima eneo la kale Pemba kwa droni yenye leza, anza kwa kuandika kwenye karatasi unachotarajia kukiona ardhini na kimo chake. Ras Mkumbuu na Chwaka bado kuna kuta za mawe zilizosimama, za misikiti na makaburi, na hizo hata mwenye simu anaweza kuzipiga picha. Kazi ngumu ni mji uliozizunguka. Wakazi wengi wa miji ile waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba kama hiyo ikishaanguka na kulimwa juu yake miaka mingi, huacha mwinuko mpana ambao kimo chake ni cha sentimita tu. Waliovutiwa na picha za Caracol huko Belize, ambako mwaka 2009 leza iliyofungwa kwenye ndege ilionyesha matuta na barabara za Wamaya chini ya msitu, wajiandae kutafuta kitu chembamba zaidi. Skana ya droni nayo hukosea kimo kwa sentimita chache, kwa hiyo panga kuruka chini, polepole, na mistari ya safari ilaliane vizuri.

Leza hupiga ardhi mara laki kadhaa kwa sekunde. Mpigo ukishuka kutoka mita 60 hugonga jani, kisha tawi, pengine udongo, na kila mgongano hurudisha mwanga. Safari yote, kwenda na kurudi, haifiki nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na muda huo ndio kifaa hukugeuzia kuwa umbali. Nawasihi wanafunzi waache kusema kwamba leza inapenya majani. Mwanga hupita kwenye nafasi zilizo baina ya majani, na pasipo na nafasi ramani yako itakuwa ya vichaka. Ulaya husubiri majira ya baridi miti ipukutike. Mkarafuu haupukutiki, mwembe haupukutiki, kwa hiyo msimu wako utauuliza kwa mkulima. Kabla ya kuchuma, wenye mashamba husafisha chini ya mikarafuu ili karafuu zinazoanguka ziokoteke. Ukiruka baada ya kupalilia na kabla ya wachumaji kupanda, umepata wakati mzuri kuliko wowote. Wakishapanda usiruke kabisa: mtu aliye juu ya tawi la mkarafuu hapaswi kushtuliwa na mlio juu ya kichwa chake. Kwenye nyasi na vichaka, Januari na Februari hufaa zaidi, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajaingia.

Kabla ya kuruka, litembee eneo kwa miguu na uchore matuta ya muhogo na viazi yaliyopo, mipaka ya mashamba, njia za ng'ombe na mashimo ya kuchimba mawe. Kwenye skrini tuta la muhogo na msingi wa ukuta hufanana mno, na baada ya mavuno hutaweza kurudi kuhakikisha lilikuwa lipi. Ziangalie pia picha za droni zilizopigwa kuanzia mwaka 2016, pale Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walipochora ramani ya Unguja na Pemba. Hizo ni picha za kamera, hazikuonyeshi udongo ulio chini ya miti, lakini zitakueleza wapi pameziba na wapi pana uwazi.

Mtambwe Mkuu, mji mwingine wa kale wa Pemba, inataka hesabu yake peke yake, kwa kuwa maji yakijaa huwa kisiwa. Leza ya kawaida haipimi chini ya maji, na kama ufuo na kingo za mikoko ni sehemu ya utafiti wako, ngoja bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao upepo nao umeshaanza kushika. Waulize wavuvi kabla ya kuamini programu ya simu.

Vibali vianze miezi kabla. Droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na ya Wizara ya Ulinzi. Utafiti unahitaji kibali cha Zanzibar. Magofu yako chini ya usimamizi wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Kimoja hakifuti kingine. Pujini, kwenye ngome inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba katika masimulizi, uwanja wa ndege wa Pemba hauko mbali, hivyo panga na waongozaji ndege pia. Na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi pale usikitarajie kwenye data, maana leza huishia kwenye uso wa udongo.

Halafu nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na usiende siku ya kuruka. Nyumba nyingi za vijijini zina ua usioezekwa. Humo watu huoga, hufua, hupumzika bila buibui. Droni nyingi za leza hubeba na kamera ya kuzipa rangi nukta zilizopimwa na leza. Izime juu ya makazi, waambie wenyeji saa kamili za kuruka, na uwaonyeshe skrini wanaotaka kuona. Baadhi ya magofu watu huenda kutambikia, kwa hiyo uliza ni siku zipi wanapahitaji wao.

Betri, kadi za kumbukumbu na kituo cha GPS cha ardhini hukaguliwa usiku wa kuamkia safari, na hapo fuata kitabu cha kifaa chako.

La mwisho, kubalianeni kwa maandishi nani ataiona ramani. Tangu mwaka 1984 zilipofukuliwa Mtambwe Mkuu sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, magofu yana wawindaji wa hazina. Ramani yenye nukta kamili za kila mwinuko ikisambaa kwenye simu, watafika na majembe kabla yako. Nakala kamili ipelekwe Mambo ya Kale, na kijijini ipelekwe iliyochapishwa kwa ukubwa wa kuonyesha umbo la mji bila vipimo vya mahali.