Somo: Namna ya kuchagua kicheza muziki cha bei nafuu kwa kompyuta ya zamani

Nimeandika somo hili kwa sababu swali ni lile lile kila juma: mtu amenunua kicheza MP3 katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, au ameletewa na jirani aliyepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, amekichomeka kwenye kompyuta yake ya mezani yenye Windows XP, na kompyuta imenyamaza kama haijaguswa. Kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Neno langu ni moja: wauzaji huuza giga, lakini mwenye kompyuta ya zamani anapaswa kununua namna ya kuunganisha. Kicheza cha giga 4 ambacho kompyuta yako inakiona kama diski ya kawaida kinakufaa kuliko cha giga 64 ambacho haikioni.

Hatua ya 1. Andika kwenye karatasi mfumo wa kompyuta yako kabla ya kutoka nyumbani. Windows Me, 2000 na XP hutambua diski za USB bila kuongezewa chochote, ilhali Windows 98 hudai draiva ya kifaa chenyewe, yaani programu ya kukitambulisha kwa kompyuta, na vicheza vya bei ya chini huja bila draiva hiyo.

Hatua ya 2. Pima kasi ya milango ya USB. Fungua orodha ya vifaa katika kompyuta (Device Manager), tafuta sehemu ya USB, na ukiona neno Enhanced ujue kwamba unayo USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Usipoliona, huenda una USB 1.1, ambayo kikomo chake ni megabiti 12, na kwa matumizi ya kweli hupitisha takriban megabaiti moja kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kujaza giga 8 kutachukua zaidi ya saa mbili, na hapa Lubumbashi sijui nani anaweza kuapa kwamba umeme utakaa saa mbili bila kukatika. Mwenye USB 1.1 atosheke na giga 4.

Hatua ya 3. Hakikisha kicheza kinajitokeza kama diski. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kicheza hujitambulisha kwa kompyuta kwa mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni MSC: kicheza hupewa herufi kama E au F, nawe unaburuta folda ya nyimbo na kuiachia humo, sawasawa na unavyofanya na fleshi. Njia ya pili ni MTP: kicheza hubaki na mamlaka juu ya kumbukumbu yake, na kompyuta inalazimika kuomba kila faili kupitia programu inayoielewa njia hiyo. Windows XP haikutoka kiwandani ikiielewa. Huipata pale inapowekewa Windows Media Player 10 au 11, nazo Windows 2000 na Me haziwezi kuwekewa matoleo hayo hata ukibembeleza. Kwa hiyo usiridhike na «ndiyo» ya muuzaji. Washa kicheza papo hapo dukani, ingia kwenye mipangilio, na utafute mahali panapotaja USB. Katika SanDisk Sansa Clip+, kwa mfano, ambayo ilitoka mwaka 2009 na bado hupatikana ikiwa imekwisha kutumika, utakuta chaguo tatu: kujitambua yenyewe, MTP na MSC. Chagua MSC kabla ya kuingiza wimbo wa kwanza.

Onyo: usibadilishe njia baada ya kujaza. Katika Clip+ faili zilizoingia kwa MTP hazionekani kwenye kompyuta ukiunganisha kwa MSC, wala zile za MSC hazionekani kwa MTP, ingawa zote zimo ndani na zinaendelea kula nafasi.

Onyo jingine: alama ya betri inayojaa si ushahidi wa chochote. Inathibitisha kwamba umeme unapita, basi. Kabla hujalipa, omba muuzaji akichomeke kwenye kompyuta yoyote, au nenda naye hadi saiba ya karibu, uone herufi ya diski kwa macho yako.

Onyo la tatu: baadhi ya Walkman za Sony za miaka ya 2000 hutegemea programu ya SonicStage ili kupokea nyimbo. Ukiuziwa ya namna hiyo bila programu yake, umenunua pambo la mezani.

Hatua ya 4. Pima ujazo wa kweli. Kuna vicheza na kadi ambazo chipu yake ya ndani ni ndogo lakini imeelekezwa kudanganya: imeandikwa 64, kompyuta inasoma 64, ila ndani mna giga 4 tu. Nyimbo za kwanza zitalia vizuri, na zinazopita ujazo wa kweli zitakuwa na majina yasiyo na sauti. Programu ndogo iitwayo H2testw hujaza kifaa kizima kwa data kisha huisoma upya na kukuambia ukweli. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na F3. Patana na muuzaji kwamba utakirudisha kesho kikionekana cha uongo, na akikataa masharti hayo, amekwisha kukujibu.

Hatua ya 5. Chagua kicheza chenye tundu la kebo ya kawaida, mini-USB au micro-USB. Kebo nyingi za bei rahisi za simu ni za kuchaji tu: ukiichuna utakuta nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, badala ya nne. Zile mbili zinazokosekana, kwa kawaida ya kijani na nyeupe, ndizo zinazobeba data.

Hatua ya 6. Fomati kwa menyu ya kicheza chenyewe, kamwe si kwa NTFS, ule mpangilio wa diski wa Windows.

Hatua ya 7. Nakili nyimbo zikiwa ndani ya folda, kisha ondoa kicheza kupitia ile ikoni yenye mshale wa kijani kabla ya kuchomoa kebo.

MASWALI YA WANACHAMA

Trésor wa Katuba: Mkubwa, mimi nina dola 20. Nipe tu jina la MP3 nzuri, sina wakati wa kusoma yote hayo.

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4. Zinasomeka kwa muda mfupi kuliko foleni ya kurudisha kifaa kibovu.

Mama Ngalula: Jambo, papa. Mtoto wangu alinitumia iPod shuffle kutoka Ubelgiji. Kompyuta inaiona kabisa, hata herufi ya diski inatokea, na nyimbo za kwaya nimeziweka humo. Lakini nikiwasha, hailii hata wimbo mmoja. Je, ni mbovu?

Jibu: Jambo, mama. Si mbovu, na umefanya kila kitu kama somo linavyosema, ila iPod ina desturi yake. Haichezi faili iliyodondoshwa ndani kama kwenye diski. Hucheza zile tu zilizoandikwa katika orodha yake ya ndani, na orodha hiyo huandikwa na programu ya iTunes. Toleo la mwisho la iTunes linalokubali Windows XP ni 12.1.3. Umwombe mtoto alipakue huko aliko na akutumie kwa fleshi pamoja na mtu anayekuja, kwa maana ni zito kwa vifurushi vyetu vya intaneti. Futa kwanza zile nyimbo ulizonakili kwa mkono, la sivyo zitaendelea kuchukua nafasi bure.

Kabeya: Nilifuata somo lako neno kwa neno, na nyimbo zangu zote zimepotea. Unapotosha watu.

Jibu: Nimeandika kwamba MSC huchaguliwa kabla ya kuingiza wimbo wa kwanza, na mara baada yake nimeweka onyo kwamba njia haibadilishwi baada ya kujaza. Ulikuwa umejaza kwa MTP?

Kabeya: Ndiyo, kaka yangu alijaza mwaka jana.

Jibu: Basi hazijapotea. Rudisha MTP, unganisha kwenye kompyuta inayoielewa, zinakili nje, zifute kwenye kicheza, kisha urudi MSC na uziingize upya.

Grâce, mwanafunzi: Samahani yaya, nina swali ambalo halimo katika somo. Nimeweka mafundisho ya Biblia yenye namba kuanzia 01 hadi 30, na kwenye kompyuta yamepangika vizuri. Kicheza changu kinaanza na 07, kinarukia 22, kinarudi 03. Kinapanga kwa kufuata nini?

Jibu: Swali zuri sana, dada, na jibu lake litawasaidia wengi. Kompyuta inapokuonyesha folda, huyapanga majina upya kwa ajili yako, lakini vicheza vingi vya bei nafuu havina akili hiyo: husoma jedwali la diski jinsi lilivyo, kwa mfuatano ambao faili ziliandikwa humo. Unapoburuta faili nyingi kwa pamoja, huwa haziandikwi kwa mfuatano wa namba. Una njia mbili. Ya kwanza ni kufuta yote na kunakili moja baada ya nyingine, jambo linalowezekana kwa mafundisho 30. Ya pili ni programu ya kulipanga jedwali lenyewe: DriveSort kwa Windows, FatSort kwa Linux. Na kwa kuwa umefika kwenye jedwali: kicheza cha giga 2 au chini yake mara nyingi kimefomatiwa kwa FAT16, mpangilio wa diski wa zamani, ambao nje ya folda hukubali majina 512 tu, na jina refu huhesabiwa kama majina kadhaa. Ndiyo maana mtu huambiwa diski imejaa wakati nusu yake ni tupu, na ndiyo maana hatua ya 7 inataja folda.

Fundi Ilunga: Niongeze moja kwa ruhusa yako. Wanaojaza nyimbo kwenye saiba washikilie kitufe cha Shift wanapochomeka kicheza kwenye XP yao nyumbani. Kinazuia kile kilichojificha ndani ya kicheza kisijiwashe chenyewe.

Jibu: Asante, fundi. Baada ya hapo wakipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua folda yoyote.

Papa Mwape: Mwanangu, marehemu kaka yangu aliacha kaseti za Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo. Nataka ziingie katika kicheza kidogo cha giga 2. Vijana wananiambia haitoshi.

Jibu: Shikamoo, papa. Itatosha, na sababu yake ni umri wa muziki wenyewe. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, sauti ilikuwa ya mkondo mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuihifadhi kwa mikondo miwili. Unganisha redio ya kaseti kwenye tundu la bluu la kompyuta, si lile la waridi, kwa kuwa la waridi ni la maikrofoni na litaikwaruza sauti. Rekodi kwa Audacity ya toleo la 2.0, ambalo linaikubali XP, upande mmoja wa kaseti kwa wakati ili diski yako ya zamani isijae, kisha hifadhi kama MP3 ya mono kwa kilobiti 64. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na pombe ya duka la dawa kabla ya kila kaseti; hilo litakusaidia kuliko programu yoyote.

Papa Mwape: Ninazo kaseti 40, za dakika 60 kila moja.

Jibu: Kaseti moja itakuwa karibu megabaiti 29, papa, kwa hiyo zote 40 hazifikishi giga 1 na robo. Rekodi kwanza zile ambazo mkanda umeanza kukunjamana.