Kufunga Kirekodi Data cha Unyevu wa Udongo Kisichotumia Waya, na Kutafuta Hitilafu Zake Shambani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mkulima wa nyanya anayemwagilia kwa matone. Vifaa vyote alikuwa navyo, lakini takwimu alizokuwa akipata zilimwonyesha kuwa shamba ni kavu siku ileile tuta zima lilipokuwa limelowa. Tatizo halikuwa redio wala programu, bali uwazi mwembamba wa hewa kati ya kihisi na udongo, na ndiyo maana hatua ya kufukia nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine. Vifaa ninavyovizungumzia ni vihisi vya kapasitansi vya bei nafuu (hupima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji ya umeme, ambao hupanda udongo unapolowa), bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo) yenye redio ya LoRa inayorusha data mbali kwa umeme kidogo, kadi ya memori, saa ya DS3231, na kipokezi kinachokaa nyumbani.

Hatua ya 1: Kagua vihisi ukiwa bado mezani

Soma maandishi yaliyo juu ya chipu ndogo ya kihisi. Ikiwa ni NE555, kiweke kando, kwa kuwa chipu hiyo inahitaji angalau volti 4.5 ilhali bodi yetu inatoa 3.3, inayofaa ni TLC555. Kisha pima kwa multimita ukinzani kati ya pini ya ishara na pini ya ardhi ya umeme (GND), kihisi kikiwa hakina umeme. Unapaswa kuona takriban megaohmu 1. Usipoiona, kikinzani kilichomo kwenye kihisi hakijaunganishwa na GND, na kihisi kitachelewa mno kubadilisha usomaji wake.

Vihisi vilivyopita ukaguzi vipakwe rangi ya kucha au vanishi kwenye kingo za bodi, kwa sababu kingo zilizokatwa hunyonya maji taratibu. Sehemu yenye vipuri ifunikwe kwa mpira unaojibana kwa joto, ule wenye gundi ndani.

Hatua ya 2: Bodi na programu

Pakia programu kama kawaida. Ishara ya kihisi iunganishe kwenye pini za 32 hadi 39 pekee, kwa kuwa Wi-Fi inapowashwa, pini nyingine za kusomea volti huacha kufanya kazi. Saa nyingi za DS3231 zinazouzwa kwenye moduli zina njia ya kuchaji betri yake, hivyo weka betri ya LIR2032 inayochajika, si CR2032 isiyochajika. Usiwashe redio kabla ya kufunga antena, maana kurusha mawimbi bila antena kunaweza kuiharibu.

Hatua ya 3: Umeme

Napendelea betri ya LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfeti) kuliko betri za kawaida za lithiamu. Volti yake hukaa karibu na 3.2 kwa muda mrefu wa matumizi, kwa hiyo inaweza kulisha ESP32 moja kwa moja bila kipunguza volti, na usomaji wa kihisi hauyumbi kadiri betri inavyopungua. Chaja yake lazima iwe ya aina hiyo na ikome kwenye volti 3.6, chaja ya TP4056, ya betri za kawaida za lithiamu, hupandisha hadi 4.2 na haifai kabisa. Kihisi kipewe umeme wakati wa kusoma tu, kisha bodi ilale, yaani ibaki ikitumia umeme kidogo sana. Kila rekodi ibebe pia volti ya betri, kwa sababu namba hiyo moja itakuokolea kazi kubwa hitilafu zitakapoanza.

Hatua ya 4: Kulinganisha kihisi na udongo wako

Namba ghafi za kihisi hazina maana hadi uzilinganishe na udongo wa shamba lenyewe. Chukua udongo wa kina utakachotumia kwa kopo lenye ujazo unaoujua, ukaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha uupime uzito. Sasa unajua lita moja ya udongo wako shambani ina gramu ngapi za udongo mkavu. Shindilia uzito unaolingana na lita 2 ndani ya chombo cha lita 2, usome, kisha ongeza maji mililita 100 kwa awamu. Kila awamu ni asilimia 5 ya ujazo. Changanya vizuri, shindilia tena hadi ujazo uleule, funika usiku kucha, ndipo usome.

Hatua ya 5: Kufukia kihisi

Hewa, udongo na maji hutofautiana sana katika sifa ambayo kihisi hiki hupima, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme: hewa ni 1, udongo mkavu ni kati ya 3 na 5 hivi, na maji ni karibu 80. Uwazi wa hewa ulio mwembamba kama karatasi, ukigusana na bapa la kihisi, unatosha kushusha usomaji wa unyevu hadi udongo uliolowa uonekane mkavu.

Usichomeke kihisi kutoka juu. Chimba shimo pembeni mwa tuta, sentimita 10 hadi 15 kutoka tundu la matone, kisha uingize kihisi kwa mlalo kwenye ukuta wa shimo ambao haujaguswa na jembe. Tanguliza kisu chembamba kuliko kihisi, kisha sukuma kihisi kwa mkono bila kukitikisa, kwa maana kila mtikisiko hupanua tundu. Bapa lisimame wima, yaani ukingo wake uelekee juu, ili maji yanayoshuka yasituame juu yake. Mimi huweka kimoja kwenye sentimita 15 na kingine kwenye 30.

Udongo ukigoma kushika kihisi, pondaponda udongo uleule, uukoroge na maji hadi uwe tope zito, upake bapa kisha uingize. Usitumie mchanga wa kuletwa, kwa sababu mchanga hauhifadhi maji kama udongo ulio karibu nao, na kihisi kitaishia kupima mchanga.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usukumani au wa Mwea nchini Kenya, unahitaji uangalifu wa pekee. Ukikauka hupasuka, na mara nyingi ufa hufuata mahali palipokwisha kuguswa, yaani kwenye kihisi chenyewe. Maji yakija hutiririka ndani ya ufa, na usomaji wa kihisi cha chini hupanda kabla ya ule wa cha juu au pamoja nao. Ukiona mpangilio huo kwenye takwimu, usihangaike na programu. Fukua, sogea hatua moja kando, na ufukie upya udongo ukiwa na unyevu wa wastani.

Waya nao huleta maji. Ushushe chini ya usawa wa kihisi kabla ya kuupandisha juu, ili maji yanayoufuata yadondoke pale chini, na uupitishe ndani ya bomba la plastiki, kwani fuko na panya hutafuna waya mtupu. Rudishia udongo kwa tabaka kama ulivyoutoa, ukishindilia kila tabaka. Usiamini namba zozote hadi shamba limwagiliwe mara mbili au tatu na udongo utulie.

Hatua ya 6: Antena

Iinue juu ya kimo cha mwisho cha mazao, si kimo cha leo, kwa kuwa majani mabichi hudhoofisha mawimbi.

Kutafuta hitilafu

Anza kwa kulinganisha kadi ya memori na kipokezi. Rekodi zikiwa kamili kwenye kadi lakini pungufu nyumbani, kosa ni la redio: hakikisha pande zote mbili zina masafa yaleyale na mipangilio ileile ya LoRa. Pengo likiwa kwenye kadi pia, kosa ni la umeme. Bodi ikijiwasha upya kila inaporusha data, volti inaanguka ghafla. Fupisha waya wa betri na uongeze kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na redio.

Usomaji ghafi ukikwama kwenye 0, kihisi hakina umeme au waya wa ishara umegusa ule wa GND. Ukikwama kwenye 4095, volti imepita uwezo wa pini. Rekebisha kiwango cha upunguzaji wa volti ya pini (attenuation) kwenye programu. Usomaji wa unyevu ukipanda na kushuka kila siku sambamba na jua, hilo ni joto, na siku zilinganishwe kwa usomaji wa alfajiri.

Ukipanda siku ambayo mbolea imepitishwa kwenye matone ingawa kiasi cha maji hakikuongezwa, chumvi za mbolea ndizo zinazokipotosha kihisi. Siku hiyo chukua sampuli ya udongo kwenye kina kilekile, uipime uzito, uikaushe na uipime tena, na uamuzi wa kumwagilia ufuate mizani hadi usomaji utulie.