Laptopu inazima ukiichomeka kwenye doki: fanya haya kabla hujafomati

Salaam wanachama. Malalamiko haya yameenea sana maofisini hapa Mombasa, hasa kwa wanaotoa mizigo bandarini, ambao hukaa mbele ya skrini mbili kutwa nzima. Laptopu ikiwa peke yake ni nzima. Ikichomekwa kwenye doki inazima, inaganda, au inajiwasha upya katikati ya kazi. Wengi hukimbilia kufomati Windows. Tafadhali msianzie huko. Kufomati kunakula siku nzima, kunahatarisha faili za watu, na mara nyingi shida inabaki palepale kwa sababu haikuwa ndani ya Windows.

Kwa asiyeizoea, doki ni kile kisanduku unachokiunga na laptopu kwa waya mmoja, kikakupa skrini, kibodi, intaneti na chaji. Waya huo unabeba vitu vitatu kwa pamoja: stima, picha na data. Kila kimoja kina namna yake ya kuiangusha laptopu, na somo hili lote ni la kutambua ni kipi kinachokusumbua.

Hatua ya 1: Tazama imezima vipi

"Inazima" peke yake haitoshi. Ikikatika papo hapo, feni kimya, hakuna maandishi yoyote, shuku stima au joto. Ikileta skrini ya bluu yenye maandishi (kwenye Windows 11, tangu 2025, skrini hiyo imegeuzwa kuwa nyeusi), shuku draiva (programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa), na uyapige picha maandishi hayo kwa simu kabla hayajatoweka. Ikiganda huku taa zinawaka, shuku draiva ya picha au kifaa kimoja cha USB.

Kuna hali ya nne inayowadanganya watu: skrini zote zinakuwa nyeusi, lakini sauti ya video inaendelea. Hapo laptopu haijazima. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha itaanzishwa upya, na skrini zikirudi, umejua kwamba tatizo ni la picha.

Hatua ya 2: Hesabu wati

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa sababu ndipo panaporukwa zaidi.

Chukua chaja iliyokuja na laptopu, igeuze, usome palipoandikwa Output. Ukiona 20V na 3.25A, zidisha: wati 65. Ukiona 19.5V na 9.23A, hiyo ni wati 180. Sasa soma chaja ya doki vivyo hivyo, lakini usidhani kila wati iliyoandikwa pale inafika kwenye laptopu. Doki nayo inakula, na vilivyochomekwa kwake vinakula. Mfano mzuri ni Dell WD19 yenye chaja ya wati 180: laptopu za Dell hupata hadi wati 130, za kampuni nyingine hadi 90. Laptopu ya michoro au ya gemu inayotaka wati 180 haishibi hapo.

Ikiwa haishibi, inachota upungufu kwenye betri. Utaona alama ya kuchaji ipo, ila asilimia zinashuka pole pole: 80, 74, 69. Betri ikiwa nzima, hutajua kitu hadi jioni. Laptopu nyingi tunazonunua hapa zimetumika Ulaya kabla ya kuletwa, na betri zake zimechoka. Betri iliyochoka haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, kwa hiyo ukifungua kazi nzito, laptopu inakatika. Pima betri hivi: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili utakayoelekezwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Cha pili kikiwa chini ya nusu ya cha kwanza, betri ni mshukiwa wako wa kwanza.

Kebo nayo ina kiwango chake. Kebo ya kawaida ya USB-C inabeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo inahitajika kebo ya ampea 5 yenye chipu ndani yake ya kujitambulisha. Kebo ya simu inaingia vizuri kabisa kwenye doki, picha zinaonekana au hazionekani, lakini haitakupa wati 100 hata uifanye nini. Tumia kebo iliyokuja na doki.

Mwisho kuhusu stima: ile inayopepesa. Taa zikififia nusu sekunde, laptopu iliyo kwenye chaja yake inaokolewa na betri yake. Doki haina betri. Inazima na kuwaka, na kwa laptopu ni sawa na kunyofolewa skrini mbili, kibodi, diski na mtandao kwa mpigo mmoja. Draiva dhaifu huanguka hapo hapo. Kwa hiyo doki iwe kwenye UPS (kisanduku chenye betri ya akiba), na isichangie ekstensheni moja na friji au kiyoyozi. Ukigundua inazima kila kompresa inapoguruma, umekwisha kumpata mwizi.

Hatua ya 3: Angalia tundu kwa tochi

Ofisi na nyumba za ufuoni, kuanzia Kizingo hadi Nyali na Bamburi, hewa yake ina chumvi na unyevu. Vyuma vya ndani ya tundu la USB-C ni vidogo mno, na kutu kidogo inatosha kuharibu mawasiliano. Washa tochi ya simu, utazame ndani. Ukiona ukijani, weupe wa ungaunga, au pamba ya vumbi iliyoshindiliwa mwishoni, umepata cha kufanya.

Zima laptopu, chomoa kila kitu, toa vumbi kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano. Ukijani ufute kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, uache ikauke kabisa. Usipulize kwa mdomo, unaongeza maji. Kisha chomeka kebo uitikise kwa upole: ikikatikakatika kwa kuguswa tu, tundu au kebo imechoka na hakuna programu itakayokusaidia.

Hatua ya 4: Punguza, kisha ongeza kimoja kimoja

Zima laptopu. Chomoa doki ukutani. Shikilia kitufe cha kuwasha laptopu sekunde 30, halafu subiri kidogo kabla ya kurudisha stima. Sasa chomeka doki ikiwa tupu kabisa, chaji peke yake. Fanya kazi nayo hivyo kwa saa kadhaa. Ikitulia, ongeza skrini moja. Ikitulia, ya pili. Kisha mtandao, kisha kibodi, na diski ya nje mwisho. Usiongeze viwili kwa pamoja kwa sababu una haraka, maana ikianguka hutajua nani kaiangusha.

Hatua ya 5: Soma alichoandika Windows

Kwenye sehemu ya kutafutia andika perfmon /rel. Utapata grafu ya siku, na alama nyekundu penye ajali. Kwa undani zaidi fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Tukio la Kernel-Power 41 linasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kuaga. Ikiwa BugcheckCode (namba ya kosa ndani ya tukio hilo) ni 0, Windows hakupata hata nafasi ya kuandika sababu, basi rudi Hatua ya 2. Kodi 0x9F ni draiva iliyokwama wakati wa kulala au kuamka. Kodi 0x116 ni draiva ya picha. Kodi 0x133 ni draiva au femwea (programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) iliyochelewa mno kujibu.

Hatua ya 6: Apdeti, kwa utaratibu

BIOS ya laptopu (femwea inayoiwasha kabla ya Windows) kwanza, halafu femwea ya doki, halafu draiva ya picha. Doki nayo ina femwea yake, na watu wengi hawajui hilo. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli. Zile programu za bure zinazoahidi kukutafutia draiva zote, ziacheni. Na nawasihi: usiguse BIOS siku ambayo stima inacheza. Apdeti ya BIOS ikikatika katikati, laptopu inaweza isiwake tena.

Ikiwa doki yako inaunganishwa kwa USB ya kawaida, ile bapa, yaelekea inatumia DisplayLink. Hizo hubana picha kwa nguvu ya prosesa na kuipitisha kama data, kwa hiyo bila draiva ya DisplayLink iliyo sawa hakuna usalama.

Hatua ya 7: Usingizi na joto

Kwenye Power Options, zima USB selective suspend (inayolaza vifaa vya USB ili kuokoa umeme), na uzime Fast Startup (kuwaka haraka bila kuzima kikamilifu). Laptopu iliyofungwa kifuniko isiwekwe juu ya doki wala chini yake. Iinue kwa nyuma ipumue. Msimu wa kaskazi, chumba kisicho na feni kinatosha kuipasha hadi ijizime kujilinda.

Maswali ya wanachama

Swali, Changamwe: Asalaam aleikum fundi. Yangu kila asubuhi nikifika ofisini na kuchomeka doki, inaleta skrini ya bluu. Nikiwasha mara ya pili inakaa sawa hadi jioni. Imeandika DRIVER_POWER_STATE_FAILURE.

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo ndiyo 0x9F. Bila shaka jioni unafunga kifuniko tu na kuitia kwenye begi ikiwa imelala. Asubuhi unaiamsha na kuichomeka kwa wakati mmoja. Iamshe kwanza, ingiza nywila, ndipo uchomeke. Kisha apdeti femwea ya doki na draiva ya mtandao ya doki. Ikiendelea, ile faili iliyo kwenye C:\Windows\Minidump ndiyo itakayotaja draiva yenyewe.

Swali, Moi Avenue: Maalim, sisi shida yetu ni kubwa zaidi. Mwenzetu mmoja akiondoa laptopu yake jioni na kuacha doki imechomekwa waya wa mtandao, ofisi nzima inakosa intaneti. Mtoa huduma anasema laini yake ni nzima. Tunaambiwa tunaota.

Jibu: Hamuoti, jambo hili lipo. Kuna chipu za mtandao ndani ya baadhi ya doki ambazo, laptopu ikiondoka au ikilala, huendelea kumwaga kwenye mtandao ujumbe wa kuomba wengine wasitishe kutuma. Swichi za mtandao (visanduku vinavyounganisha waya za mtandao ofisini) za bei nafuu zinautii, na kila mtu anasimama. Hakikisheni hivi: mtandao ukifa, chomoa waya wa doki hiyo peke yake. Ukirudi hapo hapo, mmemaliza ubishi. Dawa ni apdeti ya femwea ya doki na draiva yake, na kuzima Flow Control (utaratibu huo wa kuomba kusitisha) kwenye mipangilio ya kadi hiyo ya mtandao na, kama swichi yenu inaruhusu, kwenye swichi pia. Hadi hapo, doki hiyo ichomolewe waya kila jioni.

Swali, Nyali: Kipanya changu kisicho na waya kinarukaruka nikiwa kwenye doki. Nimebadilisha betri, bado.

Jibu: Dadangu, betri haina kosa. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele katika masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya kipanya chako. Intel walilieleza hili tangu 2012. Kile kipokezi kidogo kitoe nyuma ya doki, ukiweke mbali kwa kebo fupi ya kurefushia, au kichomeke upande wa pili wa laptopu.

Swali, Kisauni: Nikiwa kwenye doki, nikigusa kava la chuma la laptopu nahisi linanitekenya. Je, ndilo linaloifanya ijiwashe upya?

Jibu: Huenda yana chanzo kimoja, lakini la kukutekenya lishughulikie leo, usingoje. Pini ya juu ya plagi, ile ndefu, ndiyo ya waya wa ardhini. Nyumba nyingi soketi inayo tundu lake lakini nyuma hakuna waya, au ekstensheni ni ya waya mbili tu. Jaribu soketi ya nyumba nyingine yenye wayaringi unaouamini. Ikiacha kutekenya, mwite fundi wa umeme mwenye leseni, maana hilo ni suala la uhai wako kabla ya laptopu.

Swali, Mtwapa: Nataka kununua doki ya mitumba mjini. Niangalie nini nisijutie?

Jibu: Nenda na laptopu yako, usinunue kwa kuambiwa. Dai chaja yake halisi, maana doki bila chaja yake mara nyingi ni hasara. Tazama kama kebo imejengewa ndani. Ikiwa hivyo, ikague shingoni, palipo na mikunjo, kwa kuwa ikikatika hapo doki nzima inakushinda. Ichomeke mbele ya muuzaji, ifungulie skrini mbili, cheza video kwenye zote na utazame asilimia za betri kwa nusu saa. Zikishuka, irudishe palepale mezani.